NJIA YA MKIMBIAJI KATIKA RAMANI: NAMNA YA KUISOMA, KUISAHIHISHA NA KUILINDA

Mtu apitaye alfajiri katika Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam, ile ambayo zamani iliitwa Ocean Road, hakosi kukutana na wakimbiaji. Wengine wanajitayarisha kwa mashindano, wengine wameshauriwa na daktari wapunguze uzito, na wengine wanauchangamsha mwili tu kabla ya kwenda kazini. Lakini karibu wote wana jambo moja linalofanana: mkononi wamevaa saa, au mfukoni wamechukua simu, ambayo inaiandika njia yao tangu mwanzo hadi mwisho. Wakirudi nyumbani huifungua ramani katika intaneti, wakautazama mstari wa rangi unaoonyesha walikopita, umbali waliokwenda na muda walioutumia.

Hebu tuchukue mfano wa wakimbiaji watatu walioanza pamoja, wakakimbia bega kwa bega na kumaliza pamoja. Saa ya wa kwanza inasema kwamba wamekimbia kilomita 10.0, ya wa pili inasema kilomita 10.2, na simu ya wa tatu inasema kilomita 10.5. Isitoshe, katika ramani ya yule wa tatu mstari unapita juu ya maji ya bahari, ilhali yeye ana hakika kwamba viatu vyake havikulowa. Je, nani aaminiwe? Na je, inafaa mtu aurekebishe mstari huo kwa mkono wake, au kufanya hivyo ni kujidanganya?

Makala haya yanakusudia kujibu maswali hayo. Aidha, yatazungumzia jambo ambalo wakimbiaji wengi hawalifikirii mpaka limewafika, yaani hatari ya kuutandaza hadharani mstari unaoanzia mlangoni mwa nyumba yako.

MKUFU WA NUKTA

Jambo la kwanza ambalo msomaji hana budi kulifahamu ni kwamba chombo hakiandiki njia. Kinachoandikwa ni nukta, moja baada ya nyingine, aghalabu moja kwa kila sekunde, na kila nukta ina namba tatu au nne: latitudo, longitudo, wakati, na pengine mwinuko kutoka usawa wa bahari. Mstari tunaouona katika ramani ni kazi ya programu, ambayo huziunganisha nukta hizo kama ushanga katika uzi.

Nukta hupatikana kwa msaada wa setilaiti za mfumo uitwao GPS, mali ya Serikali ya Marekani. Setilaiti ya kwanza ya mfumo huo ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ulikamilika mwaka 1995. Setilaiti zake, ambazo hazipungui 24, huizunguka dunia mara mbili kwa siku, zikiwa kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja ina saa ya atomu, na kila wakati hutangaza kwa mawimbi ya redio mahali ilipo na saa ilivyo. Kipokezi kilicho ndani ya simu hupima muda ambao mawimbi yametumia safarini. Kwa kuwa mawimbi ya redio hwenda kwa kasi ya mwanga, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde, safari hiyo huchukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Muda ukizidishwa kwa kasi, umbali hupatikana. Na umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kuonyesha mahali ulipo.

Ungetosha, lakini hautoshi. Saa iliyo ndani ya simu si saa ya atomu. Ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde tu, umbali utakosewa kwa mita 300. Kwa sababu hiyo, setilaiti ya nne inahitajika ili kosa la saa nalo lipate kukokotolewa na kuondolewa. Vipokezi vingi vya leo husikiliza pia mifumo ya mataifa mengine, kama vile GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na kadiri setilaiti zinazosikika zinavyozidi ndivyo jibu linavyozidi kuaminika. Ikumbukwe pia kwamba hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyaharibu kwa makusudi matangazo yaliyotolewa kwa raia, hata kosa likaweza kufika mita 100. Uharibifu huo ulipokomeshwa ndipo chombo cha mkononi kilipoanza kumfaa mkimbiaji.

KWA NINI UMBALI HAULINGANI

Hata hivyo, kosa halikutoweka. Mahali penye uwazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita tano hivi. Katikati ya maghorofa kosa huongezeka, kwa maana mawimbi hugonga kuta na kurudi kama mwangwi. Kipokezi kikidhani kwamba mwangwi huo umetoka moja kwa moja kwa setilaiti, huuona umbali kuwa mrefu kuliko ulivyo, na nukta husogea mahali ambapo mkimbiaji hakupita. Miti mikubwa nayo huyadhoofisha mawimbi.

Sasa tutazame jinsi makosa madogo yanavyozaa kosa kubwa. Mkimbiaji anayekwenda mita 3 kwa sekunde huacha nukta kila baada ya mita 3. Tuseme nukta moja imepotoka kidogo kulia na ifuatayo imepotoka kidogo kushoto, hata tofauti yao ya upande ikawa mita 1. Kwa kanuni ya Pithagora, umbali kati ya nukta hizo si mita 3 tena, bali ni mita 3.16. Upotovu huo ukiendelea hivyo njia nzima, kilomita 10 zitasomeka kuwa kilomita 10.5. Miguu ilikwenda moja kwa moja, lakini mstari ulikwenda kama nyoka, na programu ilimpima nyoka.

Msomaji anaweza kudhani kwamba dawa ni kupunguza nukta. Ni kweli kwamba nukta zikiwa mbalimbali, tuseme kila baada ya mita 30, mpindopindo huo hupungua. Lakini hapo kosa la namna nyingine huingia, kwani mstari hukata kona. Katika kiwanja cha riadha cha mita 400, mkimbiaji wa njia ya ndani huzunguka kona yenye nusu kipenyo cha mita 36.8. Kila mita 30 anazokimbia katika kona hiyo zikipimwa kwa mstari ulionyooka hupungua kwa sentimita 80 hivi. Basi nukta nyingi huelekea kuurefusha umbali, na nukta chache huelekea kuufupisha. Kila mtengenezaji wa saa na wa simu amechagua njia yake ya kupatanisha mambo hayo mawili, na ndiyo sababu wale wakimbiaji wetu watatu walipata majibu matatu.

Jambo jingine la kujihadhari nalo ni wingi wa tarakimu. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi. Kwa hiyo tarakimu ya tano baada ya nukta ya desimali inawakilisha mita 1, na ya saba inawakilisha sentimita 1. Faili inaweza kuonyesha tarakimu saba, lakini hilo halina maana kwamba chombo kinajua mahali ulipo kwa sentimita. Ni sawa na mtu akadiriaye umri wa mzee mmoja kisha akataja na saa aliyozaliwa.

SOMO KUTOKA MBIO ZA MARATHONI

Wapimaji rasmi wa njia za mashindano hawategemei saa za mkononi. Urefu wa marathoni ni kilomita 42.195, na njia yake hupimwa kwa baiskeli ambayo gurudumu lake la mbele limefungwa kihesabio cha mizunguko. Kabla ya kazi, baiskeli hupitishwa katika kipande cha barabara kilichonyooka na kupimwa kwa utepe wa chuma, ili ijulikane mizunguko mingapi hufanya kilomita moja. Kisha mpimaji huifuata njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji anaruhusiwa kupita, akiambaa sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara katika kona. Mwishowe huongezwa mita 1 kwa kila mita 1,000, yaani mita 42 kwa marathoni nzima, ili njia isije ikawa fupi.

Mkimbiaji asiyeyajua hayo huweza kupata hasara. Tuseme amekusudia kumaliza kwa saa 4. Inampasa kukimbia kila kilomita kwa dakika 5 na sekunde 41. Lakini saa yake, kwa sababu ya mpindopindo tuliousema na kwa sababu yeye hakati kona kwa ufupi kama yule mpimaji, itahesabu kilomita 42.6 mpaka mwisho. Akiitii saa hiyo kwa uaminifu wote atafika akiwa amechelewa kwa dakika 2 na ziada, na miezi yake ya mazoezi itakuwa imepotea kwa kosa la asilimia 1. Ni afadhali avitazame vibao vya kilomita vilivyo kando ya njia, aufuate muda na si umbali wa saa.

RAMANI ILIYO CHINI YA MSTARI

Mpaka hapa tumezungumzia mstari. Lakini mstari huchorwa juu ya ramani, na ramani nayo huweza kukosea au kupitwa na wakati. Turudi kwa yule mkimbiaji wa tatu aliyeonekana akikimbia juu ya bahari. Mwaka 2022 lilifunguliwa Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kilomita 1 hivi, ambalo linapita baharini kutoka karibu na Hospitali ya Aga Khan mpaka upande wa Oysterbay. Mtu alivukaye daraja hilo, kisha akauweka mstari wake juu ya picha ya setilaiti iliyopigwa kabla ya ujenzi, ataonekana akikimbia majini. Nukta zake ni sahihi. Kilichochakaa ni picha.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo. Dar es Salaam iko karibu na latitudo 6.8 Kusini na longitudo 39.3 Mashariki. Katika faili, Kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, yaani -6.8. Alama hiyo ikidondoka wakati wa kuhamisha faili, mkimbiaji wa Dar es Salaam ataonekana yuko kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Na latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi, ataonekana yuko Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Mstari mzima ukihamia nchi nyingine, usilaumu setilaiti. Itazame alama hiyo kwanza.

Ramani nazo huchorwa na watu. Mradi wa OpenStreetMap ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 ulijengwa juu ya wazo kwamba mwananchi yeyote anaweza kuandika njia alizopita na kuzichora katika ramani ya pamoja, itumiwayo na wote bila malipo. Hapa Tanzania, mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa katika kuchora ramani ya Dar es Salaam, hasa ya sehemu zinazokumbwa na mafuriko. Kwa hiyo mkimbiaji anayepita kila siku katika kichochoro kisichokuwamo ramanini ana jambo la kuwapa wenzake. Lakini na atenganishe kazi mbili: kuusahihisha mstari wake mwenyewe, ambao humhusu yeye peke yake, na kuisahihisha ramani ya pamoja, ambayo gari la wagonjwa huweza kuifuata usiku. Katika kazi hii ya pili asichore kitu kwa kutegemea mstari mmoja. Na alinganishe mistari ya siku kadhaa, kwani ikikusanywa pamoja makosa yake hupunguzana, na njia ya kweli huonekana katikati.

KUSAHIHISHA NJIA

Faili ya njia aghalabu huhifadhiwa katika muundo uitwao GPX, ambao husomwa na programu nyingi za ramani. Anayetaka kuisahihisha anashauriwa kufuata utaratibu huu:

1. Kwanza atoe nakala ya faili ya asili na kuihifadhi pasipo kuigusa. Masahihisho yote yafanywe katika nakala. Nukta iliyofutwa hairudi.

2. Akate vipande visivyo vya mbio. Wengi husahau kuizima saa, wakapanda daladala ikiwa bado inaandika. Kipande hicho hujulikana kwa kasi yake. Usain Bolt alipoweka rekodi ya dunia ya mita 100 mwaka 2009, kwa sekunde 9.58, wastani wa kasi yake ulikuwa kilomita 37.6 kwa saa. Kipande kirefu kinachoonyesha kasi zaidi ya hiyo si cha miguu ya binadamu.

3. Afute nukta zilizoruka peke yake, yaani zile zinazotoka ghafula mita mia kando ya barabara na kurudi baada ya sekunde moja. Kadhalika afute rundo la nukta linalojikusanya mahali alipokuwa amesimama akingoja magari, kwa maana rundo hilo huongeza umbali ambao hakuukimbia.

4. Palipo na pengo, ambapo programu imechora mstari ulionyooka juu ya mapaa ya nyumba, anaweza kuongeza nukta kwa kuifuata barabara aliyopita. Lakini akumbuke kwamba nukta hizo ni za kuchora wala hazikupimwa. Umbali wake unaweza kukubalika. Kasi yake haina maana, na kutoka hapo haifai kutangaza rekodi.

5. Ajihadhari na chombo kinachouvuta mstari wenyewe mpaka katikati ya barabara iliyo karibu. Chombo hicho husaidia mjini, lakini mkimbiaji wa njia za miguu huweza kuhamishiwa barabara ya magari ambayo hakuikanyaga.

6. Mwishowe alinganishe jibu na umbali unaojulikana. Mizunguko 25 katika njia ya ndani ya kiwanja cha mita 400 ni kilomita 10. Mwenye kukipima chombo chake hapo mara moja atakijua tabia yake.

Kanuni inayoyajumlisha yote haya ni moja: sahihisha kile unachojua kwamba hakikutokea, usibuni kile unachotamani kwamba kingetokea.

MILIMA ISIYOKUWAPO

Mwinuko ndio namba dhaifu kuliko zote. GPS hukosea zaidi katika kupima kimo kuliko katika kupima mahali, na kwa hiyo programu nyingi huiacha namba hiyo na kutumia ramani ya vimo. Mojawapo ya ramani zinazotumika sana ilitokana na rada iliyobebwa na chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour, mnamo Februari 2000, katika safari ya siku 11. Rada hiyo iliona vilele vya miti na mapaa ya nyumba pamoja na ardhi. Na ni dhahiri kwamba haikuweza kuliona daraja lililojengwa miaka 20 baadaye. Saa nyingine hupima kanieneo ya hewa, ambayo hupungua kadiri mtu anavyopanda. Njia hii ni nzuri, ila mabadiliko ya hali ya hewa huidanganya.

Mkimbiaji wa Iten nchini Kenya, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, anayetaka kujua amepanda kiasi gani, anayo njia rahisi ya kukagua. Ikiwa ameanza na kumaliza mahali pamoja, jumla ya mita alizopanda haina budi kulingana na jumla ya mita alizoshuka. Zisipolingana, chombo kimekosea.

MSTARI UNAOFIKA MLANGONI

Sasa tufike kwenye jambo lililo zito kuliko dakika na kilomita. Mnamo Novemba 2017 kampuni ya Strava ilichapisha ramani ya dunia iliyotokana na nukta trilioni 3 za watumiaji wake. Majina hayakuwamo. Lakini Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia alitambua kwamba katika nchi zenye vita, ambako karibu hakuna mwenyeji aliyetumia programu hiyo, palionekana mistari inayong'aa jangwani: walikuwa askari wa kigeni waliokuwa wakifanya mazoezi kuzunguka kambi zao. Mnamo Agosti mwaka huohuo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipiga marufuku vyombo vya namna hiyo katika maeneo ya kivita.

Ikiwa jeshi lilijisahau, sembuse mtu wa kawaida? Mstari unaoanzia na kuishia mahali pamoja kila siku huitaja nyumba. Wakati ulioandikwa katika nukta huitaja saa ambayo mwenye nyumba hayupo. Na kwa mwanamke akimbiaye peke yake kabla ya jua kuchomoza, mstari huo humwambia mwenye nia mbaya mahali pa kumngojea na saa ya kumngojea. Hahitaji kuuliza mtu.

Huduma nyingi huruhusu mtu kuweka duara la kuficha, ambapo sehemu ya mstari iliyo ndani ya duara haionyeshwi. Jambo hilo ni jema, lakini lina udhaifu wa kijiometri. Nukta tatu zisizo katika mstari mmoja zinatosha kulitambulisha duara. Mtu akitoka nyumbani kwake kwa barabara tatu tofauti katika siku tatu, mistari yake itakatika mahali patatu, na mwanafunzi wa sekondari mwenye bikari anaweza kulichora duara lililofichwa na kukipata kitovu chake. Ikiwa kitovu ni nyumba, basi nyumba imepatikana.

Kwa sababu hiyo inashauriwa kwamba kitovu kiwe mahali pengine pa jirani, kama vile duka au shule, na duara liwe kubwa la kutosha kuimeza nyumba. Lililo bora zaidi ni kuianza saa ukiwa umekwisha kufika mbali na nyumbani, na kuizima kabla ya kurudi, kwa kuwa nukta ambayo haikuandikwa haiwezi kuvuja. Njia zionyeshwe kwa watu unaowafahamu tu, tena baada ya mbio kwisha. Na anayempa mtu faili ya njia ili aifuate afute nyakati zilizomo na akate ncha zake mbili.

MWISHO

Ni dhahiri basi kwamba mstari ulio katika ramani ni makadirio, na kama makadirio yote una kiasi chake cha kosa. Wale wakimbiaji watatu hawakudanganyana. Kila mmoja alipewa jibu na chombo chenye tabia yake. Ajuaye kosa la chombo chake hufaidika nacho, hukisahihisha panapostahili, na hakubali kutumwa nacho.

Basi, msomaji, kesho alfajiri utakaporudi na kuifungua ramani yako, tazama mambo mawili kabla ya kuzitazama dakika: mstari umepita mahali ambapo hukupita? Na je, umeanzia mahali ambapo hukutaka watu wote wapajue? Ukiisha kuyarekebisha hayo mawili, waonyeshe wenzako.